Barua ya wazi kwa wakuu wa trafiki na wasimamizi wa mabasi: abiria sio mzigo wa kwenye buti

Kumb. Na.: sina, maana hata malalamiko yangu ya kwanza hamkuyapa namba.

Kwenu Waheshimiwa mnaosimamia askari wa usalama barabarani,
pamoja na nyie mnaosimamia usafiri wa abiria wa mikoani na daladala,
Tanzania Bara.

YAH: ABIRIA KUGEUZWA MSHTAKIWA BASI LIKISIMAMISHWA BARABARANI

Waheshimiwa, salaam, na poleni na majukumu.

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama mfanyabiashara wa mchele, mara mbili kwa mwezi nipo kwenye basi kati ya Mbeya na Dar, huu mwaka wa tisa. Sio mwanasheria, sina chama, sijawahi kuandika barua ya namna hii na nisingeiandika kama milango ya kugonga kimya kimya ingefunguliwa. Nilianza na ofisi ya polisi ya mkoa ilipotokea, nikaandika kwa mkono kurasa mbili, nikaambiwa njoo jumatatu, jumatatu ikawa alhamisi, alhamisi afande anayehusika yupo kwenye msafara wa kiongozi, mara ya tatu barua yenyewe haionekani. Nikapiga namba iliyoandikwa ubavuni mwa basi, dada akanisikiliza vizuri tu mpaka mwisho alafu akasema "mama hilo ni la polisi sio la kwetu". Nikarudi polisi wakasema "kuachwa na basi hilo ni la mwenye basi". Nimepigwa danadana miezi minne. Ndio maana leo nipo hapa hadharani na mtanisamehe kama kuna mahali nitaongea kwa uchungu.

Jina la basi sitaji, kituo sitaji, afande pia sitaji, na hata jina lake silijui kabisa (nitawaeleza kwanini silijui). Nikitaja mtamhamisha mtu mmoja kumpeleka mkoa mwingine, mtaniambia limeshughulikiwa, na mambo yataendelea vile vile.

Siku yenyewe tulitoka Mbeya saa 12 asubuhi. Stendi trafiki walikuwepo, dereva kapuliza kile kifaa cha kupimia pombe, afande mmoja kazunguka basi kalipiga kofi ubavuni, tukaondoka. Tumepita Makambako, tumepita Mafinga, Iringa tumeiacha, tunaitafuta Kitonga, hapo ni saa 6 na dakika 20 mchana maana niliangalia simu, tukapigwa mkono. Askari wawili, nguo nyeupe safi kabisa, mmoja kashika mashine ya notifikesheni na mwingine ndio anazunguka gari. Alipofika tairi la nyuma kushoto, upande wangu, mimi nipo dirishani naona utosi wa kofia yake, akalipiga teke akasema kwa sauti, "Hili tairi kipara. Hii gari haiendi popote."

Nataka mjue kwamba mimi nilifurahi. Anayeijua Kitonga anajua, ile miteremko na kona zile, lori limekata breki mbele yako, lingine linapanda linatambaa, ukiwa na tairi bovu pale unaombea wanao. Nikasema moyoni afadhali leo tumepata askari.

Kilichofuata ndio sijakielewa mpaka leo. Konda akashuka na lile daftari lake lenye fomu, akarudi. Dereva akashuka, akarudi, akakaa kwenye usukani kajiinamia na simu. Injini imezimwa, kiyoyozi hamna, na haya mabasi ya siku hizi madirisha yake yanafunguka kiganja tu huko juu, jua la mchana linatupiga. Ndani tupo abiria hamsini na kitu na hakupanda mtu hata mmoja kutuambia tumekamatwa au hatujakamatwa, tutakaa muda gani, tushuke au tubaki. Siti ya mbele yangu kulikuwa na binti mdogo tu ana mtoto wa miaka miwili hivi, mkononi bado kafungwa bandeji pale walipochomeka dripu, kesho yake saa 2 asubuhi ana kliniki Muhimbili. Mtoto alilia wee mpaka akanyamaza, na mtoto mgonjwa akinyamaza vile mzazi yeyote anajua sio kunyamaza kwa heri. Waliokuwa wanatupa taarifa ni wauza nyanya, wanapita dirishani na ndoo zao wanasema "mama hapa mtakaa, wanasubiri simu ya tajiri". Yani habari za safari yangu niliyoilipia nauli nazipata kwa muuza nyanya.

Saa 8 na robo nikashuka. Nikamfuata afande, nikamsalimia kwa adabu, nikamuuliza, afande samahani sisi abiria tunaambiwaje, kuna mtoto mgonjwa mle ndani.

"Wewe ndio mwenye gari?"

Hapana afande.

"Wakili wao?"

Hapana, mimi abiria.

"Basi kakae."

Sikwenda kukaa, hapo nakiri. Nilitoa simu nikaenda kupiga picha lile tairi. Tairi, sio sura yake. Akaja kwa hatua ndefu akanipokonya, akaniambia toa loki, akasimama hapo hapo mpaka nikafuta picha mbili, alafu simu akabaki nayo. "Unaingilia kazi ya polisi, njoo usimame huku." Nikasimamishwa pembeni ya gari lao dakika kama arobaini, mama mzima na kitenge changu, watu wa kwenye basi wananiangalia kama nimekamatwa na bangi. Nikiwa pale ndio nikamuona konda anapita tena na daftari. Lilienda limetuna likarudi limenywea. Sijaona noti na sitasema nimeona noti, nasema nilichokiona.

Basi likawashwa. Konda akagonga bodi mara mbili, likaondoka. Na tairi lile lile. Na mimi nipo chini. Nikapiga kelele, afande akanirudishia simu akasema "haya si uende", basi limeshakata kona. Gunia zangu mbili za mchele na begi langu vipo kwenye buti vinaelekea Dar bila mwenyewe. Nikadandia lori la mbao la kutoka Mafinga, elfu kumi na tano mpaka Morogoro, nimefika saa 4 usiku. Kesho yake jirani yangu wa siti akanipigia, anasema Kitonga dereva aliishuka kwa gia nzito watu wanasali kwa sauti, dini zote. Siku ya pili yake nikaenda ofisi ya basi kuchukua mzigo wangu, nikadaiwa elfu kumi ya kuutunza. Nikalipa.

Sasa hoja zangu waheshimiwa, nazipanga kwa namba ili atakayejibu asiseme hakuelewa.

1. Tairi lilikuwa bovu au lilikuwa zima?

Hili ndio kubwa kwangu kuliko yote. Kama bovu, lile basi lisingeondoka pale na watu hamsini kwenda kushuka Kitonga. Kama zima, tusingekaa masaa mawili na nusu juani. Jibu la tatu halipo. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya tangu mwaka 1973, haikutungwa ili mtu akusanye fedha, ilitungwa ili mimi nifike. Faini ya kosa ni shilingi 30,000 na inalipwa kwa kontroo namba, sasa hata kama dereva angeandikiwa kihalali na akalipa pale pale kwa simu, bado tairi lingekuwa kipara, au elfu thelathini inaota mpira?

Na naomba nisieleweke vibaya, wapo madereva na wamiliki wanaopenda kusoma barua kama hizi kwa furaha wakidhani nawatetea. Siwatetei. Simamisheni mabasi. Nani kasahau Karatu mwaka 2017, watoto 32 wa shule kwa basi moja? Mimi nikisikia mtu analalamika eti trafiki wamezidi barabarani huwa namuuliza umeshawahi kuzika mtu wa ajali. Ila mkisimamisha, simamisheni kwa ajili yetu. Kinachotokea sa hivi ni kwamba ubovu wa gari unageuka mtaji, na watu wakishaelewana mikononi ubovu unarudi barabarani ukiwa umebeba watu wale wale. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inasema mtoaji na mpokeaji wote wana kosa, na namba 113 ya TAKUKURU tunaijua, lakini niambieni abiria aliyepokonywa simu anaipigaje.

Alafu kuna swali dogo. Lile tairi asubuhi stendi halikuonekana? Lilikuwa na nywele saa 12, zikanyonyoka saa 6? Stendi ndio sehemu ya kuzuia basi, kuna mabasi mengine, kuna choo, kuna maji, abiria anahamishwa anaondoka. Kwanini ukaguzi wa stendi uwe wa kupiga kofi bodi na ukaguzi wa porini ndio uwe wa kupiga teke matairi?

2. Abiria kuzuiliwa bila kuambiwa kazuiliwa kwa kosa gani

Katiba yetu ya mwaka 1977 Ibara ya 15 na ya 17 zinanipa uhuru wangu na haki ya kwenda ninakotaka, isipokuwa kwa utaratibu wa sheria. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka anayekamata mtu amwambie kosa lake wakati anamkamata. Haya, mimi pale pembeni ya gari la polisi dakika arobaini nilikuwa nimekamatwa? Kama ndio, kosa gani, mbona sikuandikwa popote. Kama hapana, simu yangu ilikuwa inafanya nini mfukoni kwa afande.

Kwenye daladala ndio balaa zaidi na kila mkazi wa Dar analijua hili. Trafiki anadandia mlangoni asubuhi ile ya foleni, anamwambia dereva "twende kituoni", gari inakata kulia na watu wote ndani. Mwaka jana nilikuwemo kwenye moja. Tulikuwa na wanafunzi kama sita na sare zao, mmoja ananing'inia kwenye bomba ana karatasi ya jiografia anakariri, anasema leo wana mtihani saa 2. Wote tumeingizwa uani kwa polisi kama tumefumaniwa, gari ikafungwa, konda kakimbia na nauli zetu, tumeambiwa "shukeni, tafuteni usafiri". Mtu mzima kalipa mia sita imeondoka, mwanafunzi mia mbili yake imeondoka, na ya kupanda gari nyingine hana. Nyie mnaona mia mbili ndogo, muulizeni mtoto anayeamshwa saa 10 alfajiri kama ni ndogo. Kituo cha daladala tulikipita, palikuwa na shida gani kusimama sekunde thelathini watu wakashuka alafu ndio mwende huko mnakokwenda na dereva wenu? Gari ndio lenye kosa. Mtoto wa jiografia ana kosa gani?

3. Kuuliza kumekuwa kosa

Nyie wenyewe mlituambia abiria tupaze sauti. Kila Wiki ya Nenda kwa Usalama mabango yanabandikwa, tunaambiwa dereva akikimbiza sema, akichezea simu sema, usikae kimya. Tukawaelewa. Mimi nimeshamkemea dereva mara nyingi tu akiwa anaongea na simu huku ana watu. Ila sauti hiyo hiyo nikiipaza mbele ya askari naambiwa naingilia kazi ya polisi. Sasa tupaze kwa nani?

Na hili la simu naomba mlitolee tamko, maana kila askari ana sheria yake. Mmoja anasema piga tu, mwingine anasema ni kosa kumpiga picha askari akiwa kazini, mwingine anakwambia futa. Mimi niliyepiga picha tairi la basi nililopanda nimevunja kifungu gani? Kama kipo kiandikeni mtuonyeshe, tutakiheshimu. Kama hakipo waambieni vijana waache kushika simu za watu. Simu yangu ina miamala, ina meseji za mume wangu, ina madeni ya wateja wangu wote wa mchele, na Katiba Ibara ya 16 inazungumzia faragha ya mtu. Hata anapokuwa na sababu ya kuichukua, sheria hiyo hiyo ya Sura ya 20 inamtaka atoe risiti ya alichochukua. Mimi niliandikiwa wapi?

4. Mabegi

Upekuzi upo na najua kwanini upo, kuna wanaobeba bangi, kuna wanaosafirisha nyara, sikatai. Ila unavyofanyika. Tunashushwa, tunapanga mabegi chini kwenye vumbi, askari mwanaume anachambua begi la mwanamke mbele ya basi zima, anainua kitu kimoja kimoja. Mimi nimeona nguo za ndani za mama wa watu mwenye umri wa mama yangu zimeinuliwa juu na kijana anacheka na mwenzake. Sheria inasema mwanamke anapekuliwa na mwanamke mwenzie na kwa kuzingatia staha, najua mtaniambia hilo ni la mwili sio la begi, haya, ila begi la mwanamke mkishalimwaga barabarani mmebakisha nini? Alafu kurudisha vitu ni kazi ya mwenye begi huku konda anapiga kelele tunachelewa. Kinachopotea hapo hakina wa kumuuliza.

5. Jina

Jina la askari lipo kifuani kwenye kibati. Juu yake anavaa rifrekta. Kibati kinalala ndani. Basi, hiyo ndio sababu miezi minne naulizwa "afande gani" na sina jibu.

6. Usiku

Tangu mwaka 2023 mabasi yanaruhusiwa kutembea usiku na tunashukuru sana, biashara zimeenda. Ila sasa tunasimamishwa saa 8 za usiku mahali hapana taa wala nyumba, tochi inamulikwa usoni, huyu ni askari au ni nani huwezi kujua mpaka akusogelee. Kwa mwanamke anayesafiri peke yake na fedha za mzigo hiyo sio hali ya kawaida. Hili sina mengi, mnalijua.

Sasa majibu yenu mengine nayajua kabla hamjayasema, maana kwa miezi minne nimeyasikia yote kwenye mabenchi.

Mtasema ni askari wachache wanaochafua jeshi. Inawezekana kabisa, na mimi nimekutana na wazuri, kuna mmoja njia ya Chalinze alipanda ndani ya basi akatoa kofia akasema "habari za safari ndugu abiria, dereva wenu anadaiwa, naandika karatasi dakika tano mnaondoka", na dakika tano zikawa tano kweli. Watu walimpigia makofi. Kwahiyo inawezekana na haikumgharimu kitu. Ila kama wabaya ni wachache basi na kuwapata ni rahisi, tatizo ni kwamba mlalamikaji akija anaulizwa jina la afande na jina limefunikwa.

Mtasema abiria wenyewe ndio wanamtetea dereva. Kweli, wapo wanaopiga kelele "afande tuache twende" hata gari likiwa halina breki. Lakini mtu anayekaa juani masaa mawili bila kuambiwa chochote atataka tu aondoke, hata kwa punda. Mngemwambia kwamba tairi bovu, basi lingine linakuja saa 9, nauli yako ipo salama, angekuwa upande wenu.

Mtasema habari ya nauli na kuachwa ni mkataba kati ya abiria na mwenye basi, polisi haihusiki. Na mwenye basi atasema aliyezuia gari ni polisi. Hapo katikati ndio mimi nimekaa miezi minne. Nyie wasimamizi wa usafiri mmetuwekea tiketi za mtandao, jina langu lipo, namba yangu ya simu ipo, siti ipo. Kuna kifaa cha kufuatilia mwendo, basi likizidisha ofisini mnaliona. Yani mnajua basi lilisimama wapi na kwa dakika ngapi na nani alikuwemo, sasa mnashindwa nini kumuuliza mwenye basi kwanini abiria wa siti fulani hakufika na gari lake?

Mtasema nenda mahakamani. Kwa mtaji wa gunia mbili za mchele?

Ninachoomba, na naomba sio kwa ubaya:

Kwanza, askari akisimamisha gari la abiria kwa zaidi ya dakika kumi, apande ndani au aongee mlangoni, aseme jina lake, sababu, na muda. Hilo halihitaji bajeti wala semina ya Morogoro.

Pili, mtenganishe makosa. Kosa la karatasi, deni, leseni, mwendo, aandikiwe na gari liondoke, deni mtalidai kwa mwenye gari na mnajua kulidai. Kosa la kuua watu, tairi, breki, dereva mlevi, gari lisiondoke kabisa kabisa hata apige simu nani, na mwenye basi alazimike kuleta lingine au kurudisha nauli siku hiyo hiyo, na nyie wasimamizi ndio mumlazimishe. Leo ni kinyume chake, la karatasi tunakaa masaa na la tairi tunaruhusiwa.

Tatu, daladala ikikamatwa, abiria washushwe kituo cha kwanza kinachofuata na konda arudishe nauli kabla hajaondoka mbele ya huyo huyo askari. Wanafunzi kwanza.

Nne, jina na namba ya askari viandikwe juu ya rifrekta, mgongoni na kifuani, kwa maandishi ambayo mama wa siti ya dirishani anayaona. Wachezaji wa mpira wa mtaani kwetu wanaandikiwa majina mgongoni kwa rangi, sidhani kama inashindikana.

Tano, tamko la maandishi kuhusu simu na picha, libandikwe ndani ya mabasi pale pale mnapobandika lile tangazo la namba za kupiga dereva akikimbiza.

Sita, mabegi yapekuliwe kwenye meza au kwenye turubai sio vumbini, mwenye begi akiwa amesimama hapo, na begi la mwanamke lishikwe na askari wa kike. Wapo wengi, tunawaona.

Saba ni langu binafsi. Malalamiko yangu yapewe namba na nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30, hata jibu likiwa kwamba mimi ndio mkosaji, nitalisoma. Elfu kumi na tano ya lori la mbao na elfu kumi ya kutunziwa mzigo wangu mwenyewe risiti ninayo ya hiyo ya pili, ya lori sina maana dereva wa lori hatoi risiti na alinisaidia, Mungu ambariki. Yule binti wa kliniki sijui kama aliwahi, namba yake sikuchukua, hapo nilijilaumu.

Alhamisi ijayo nasafiri tena. Barua yangu ya mkono kama ikionekana, namba yangu ya simu ipo ukurasa wa pili, chini, kushoto.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama Mchele,
abiria, siti D1